Kionjo cha Filamu na Adabu ya Kuahidi

Muuza machungwa humkatia mnunuzi kipande kimoja aonje. Hamlishi chungwa zima, wala hamwonjeshi la kapu jingine. Katika tendo hilo dogo mna kanuni mbili za kionjo cha filamu, yaani ile picha fupi inayotangulizwa ili kuwaita watazamaji: kisimalize utamu, na kisidanganye. Kanuni hizi ni nyepesi kuzitaja, lakini ni nzito kuzitimiza.

Mfano ufaao kufundishiwa ni kionjo alichokitengeneza Orson Welles wa Marekani kwa ajili ya filamu yake *Citizen Kane* ya mwaka 1941. Kina dakika zipatazo nne, na ndani yake hamna hata kipande kimoja kilichokatwa kutoka katika filamu yenyewe. Picha zake zote zilipigwa kwa kazi hiyo tu. Welles, aliyeiongoza filamu na kumwigiza Kane, haonekani kamwe. Twaisikia sauti yake tu.

Tukiuchambua muundo wake twaona hatua tatu. Kwanza, sauti inatukaribisha. Pili, inatujulisha waigizaji mmoja mmoja, ambao wengi wao walikuwa wageni katika sinema. Tatu, watu wanamtaja Kane kwa kauli zinazopingana, na hukumu anaachiwa mtazamaji. Hatua ya pili, kwa maoni yetu, imerefushwa kupita kiasi. Lakini hiyo ya tatu ni kitendawili kilichotegwa barabara: tunatoka tukiuliza, huyu Kane ni mtu wa namna gani? Na hilo ndilo swali ambalo filamu yenyewe inalishughulikia. Ahadi na bidhaa ni kitu kimoja.

Tulinganishe na kionjo cha *Cast Away*, filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Robert Zemeckis. Mtu ananusurika katika ajali ya ndege, anabaki peke yake kisiwani, na mioyo yetu inaning'inia katika shaka moja: je, atarudi kwao? Kionjo kikamwonyesha amekwisha kurudi! Hatukatai kwamba filamu hiyo ilipata watazamaji wengi. Wala hatusemi kila mwisho ni siri, kwani msikilizaji wa utenzi aghalabu huujua mwisho wake, na bado huusikiliza kwa hamu. Lakini sehemu kubwa ya kisa hiki imejengwa juu ya shaka hiyo. Ukiiondoa, umeing'oa nguzo ya nyumba kabla wageni hawajaingia.

Basi kijana anayetaka kupanga kionjo asianze kwa kukusanya picha za kupendeza. Aandike kwanza swali moja linaloibeba filamu. Achague picha zinazolikoleza swali hilo, aziache zinazolijibu, kisha azipange kutoka utulivu hadi msukosuko, na akome pale jibu linapokaribia. Mtazamaji aliyedanganywa leo hatarudi kesho, na hasara hiyo huwaangukia hata watengenezaji waaminifu.

Walimu waweza kulifanya jambo hili zoezi la darasani. Mwanafunzi aandike mpango wa kionjo cha dakika mbili juu ya riwaya aliyoisoma, kisha amsomee mwenzake asiyeijua. Mwenzake akiuliza, "Halafu ikawaje?", mpango umefaulu. Akiweza kuusimulia mwisho, kazi na irudiwe.