FTL: mchezo unaotufundisha kukimbia, kisha unatulazimisha kupigana

Michezo mingi ya vita vya anga ambayo tunachezaka ku ordinateri iko na wazo moja: ukirudi nyuma, umeshindwa. Unajenga, unakusanya mali, unapiga, unaonyesha kwamba wewe njo mukubwa. Mwenye kukimbia ni mwoga. FTL: Faster Than Light iligeuza hilo wazo. Humo, kukimbia njo kazi yenyewe. Nataka kuonyesha kwa nini kukimbia kwake kunashika mutu roho, na ni fasi gani mchezo wenyewe unasahau somo lake.

Kwanza habari zake kwa wale hawaijue. FTL ilitoka mwaka 2012. Subset Games walioitengeneza ni watu wawili, Matthew Davis na Justin Ma, na muziki ni wa Ben Prunty. Waliomba dola 10,000 kupitia Kickstarter ili wamalize kazi, wakapata zaidi ya dola 200,000. Mwaka 2014 waliongeza Advanced Edition, na mwenye kuwa tayari na mchezo hakulipa kitu. Haiombi mashine ya nguvu: unaona chombo chako kutoka juu, vyumba na milango, sawa vile plani ya nyumba. Ordinateri ya zamani, ile uliandikia TFC, inaweza kuibeba muzuri.

Uko na chombo kimoja na habari ya siri ya kufikisha kwa Federesheni. Nyuma yako kuko kundi kubwa la meli za Waasi. Njia iko na sekta 8, na kila sekta iko na vituo. Unaruka kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila mruko unakula kipimo kimoja cha mafuta. Ukiruka, Waasi nao wanasogea. Ku ramani unawaona kama rangi nyekundu inayokula vituo kutoka kushoto. Ukiingia ku kituo walichokwisha kushika, utapigwa vikali na hautatoka na karibu kitu.

Kwa hiyo hauwezi kukaa. Lakini pia hauwezi kukimbia tu moja kwa moja, juu vyuma vikukuu vya kununulia ngao, silaha na moteri vinapatikana paka kwa kusimama ku vituo vya njiani. Kila dakika ya mchezo ni swali moja: nibaki kidogo ama niondoke? Na chombo kikipasuka, imeisha. Hakuna kurudi dakika tano nyuma. Unaanza tena sekta ya kwanza.

Nichukue mfano mumoja, juu bila mfano hii yote itabaki maneno ya hewani. Chombo ni Kestrel, ile ya kwanza ambayo mchezo unakupa. Tuko sekta ya 5. Mwili wa chombo, wenye unaanzaka na 30, umebaki 7. Ndani tuko watu wane: binadamu watatu, na Engi mumoja, wale wa kabila la mashine ambao wanatengeneza haraka lakini ku vita ni wadhaifu. Nyekundu iko karibu, tumeruka ku kituo pekee kilichobaki mbele, na hapo tunakuta meli ya Mantis. Mantis ni kama wadudu wakubwa. Kupigana kwa mikono njo utaalamu wao.

Roketi yao ya kwanza inapita ngao, sawa vile roketi zote zinafanyaka, na inaangukia chumba cha shofere. Moto unashika. Shofere anatoka nusu mufu kwenda chumba cha matunzo. Paka hapo hatari ya kweli inaonekana: mashine ya kuruka inajaa polepole, na bila mutu ku kiti cha shofere inasimama. Hata moteri zikiwa nzima, hauende. Kisha Mantis wawili wanatokea ndani ya chumba cha moteri. Wakivunja moteri, mambo yameisha.

Unabonyeza pozi. FTL inakuruhusu kusimamisha wakati na kufikiri. Kutuma wote wane kupigana na Mantis ni kuwapoteza wote. Basi Engi anaenda kuzima moto na kutengeneza chumba cha shofere. Mupiga silaha mumoja anaenda chumba cha moteri, si kwa kushinda, ni kwa kuwashikisha: Mantis wakiwa na mutu wa kupiga, wanaacha moteri. Kisha unafungua milango ya inje ya huko nyuma. Hewa inatoka. Mantis wanaanza kukosa pumzi, na mutu wetu pia. Shofere anarudi ku kiti akiwa na nusu ya uzima wake. Mstari wa kuruka unaanza kusogea tena. Mwili wa chombo: 5. Kisha 3. Mupiga silaha anakufa kabla mstari haujajaa. Sekunde chache nyuma, umejaa, na tunaruka. Mantis wawili tuliruka nao, bado wako ndani, lakini hewa haiko tena, nao wanaanguka mumoja mumoja. Watu watatu, mwili 3, mafuta 2. Tumepona.

Hapo hakuna meli ya adui iliyopasuka, hakuna alama za ushindi, hakuna vyuma tulivyopata. Lakini kati ya michezo yote ya anga nimecheza, sijaona ushindi wenye uzito kama ule. Sababu ziko tatu, na zote ni za ujenzi wa mchezo.

Ya kwanza: kukimbia kunaomba wakati. Katika michezo mingine unabonyeza tu na umeondoka. Hapa unaamua kuondoka, kisha unapaswa kuishi hadi uamuzi wako ukamilike. Ya pili: kukimbia kunaomba vitu vizima. Bila shofere ama bila moteri, hauna ruhusa ya kukimbia. Mwenye anangoja kila kitu kivunjike ndipo afikiri kuondoka, amekwisha kuchelewa. Ya tatu: kukimbia kuko na bei, na mchezo unakuacha wewe mwenyewe uchague nani analipa. Ile milango ya inje, haikuifungua adui. Niliifungua mimi.

Sisi wa agronomia hiyo hesabu tunaijua. Shamba la muhogo likiingiwa na mozaiki, mkulima anaona majani yanajikunja na kuwa na madoa ya manjano, lakini miti bado imesimama, na moyo unamwambia angoje. Lakini nzi weupe wanabeba virusi kutoka mti hadi mti, na yeye mwenyewe atavibeba akikata vipande vya miti migonjwa kwa kupanda msimu unaofuata. Ushauri wetu ni ule ule kila mara: ng'oa migonjwa mapema, uchague vipande vya mbegu ku miti mizima, ukubali kupoteza sehemu. Mama mwenye shamba atakuuliza, «Mutoto wangu, ning'oe chakula changu na mikono yangu?» Ni swali zito, wala haliondoke kwa kumuonyesha diploma. FTL inalielewa hilo swali. Haikufichi kwamba kuokoa ni kung'oa.

Na vijana wenye lisansi tunaijua kwa njia ingine pia. Ni wangapi kati yetu wako mwaka wa tatu wa staji bila mshahara, juu tu «nimekwisha kutoa miaka miwili, nitaachaje sasa?» FTL haihesabu miaka uliyotoa. Inauliza tu: uko na mafuta ngapi, na nyekundu iko umbali gani? Simwambie mutu aache kazi juu ya mchezo wa video. Lakini nasema mchezo ambao unalazimisha mutu kuuliza hivyo mara mia, kila mara kwa bei ingine, unafanya kazi ambayo semina mingi hazifanyi.

Sasa makosa yake, juu yako, na si madogo.

Kosa la kwanza ni sekta ya 8. Kwa sekta saba mchezo unasema: kimbia kwa akili, chagua vita vyako. Kisha unakuweka mbele ya meli kubwa ya Waasi, yenye inapaswa kushindwa mara tatu kwa mafuatano, na ukiicha ifike ku kambi ya Federesheni, umepoteza. Hapo chombo kilichojengwa kwa kuponea hakina thamani sana. Mwenye anajua mchezo anaanza tangu sekta ya 2 kununua silaha kwa ajili ya ile meli moja, na njia nyingi nzuri za kucheza zinakufa kabla hazijazaliwa. Tena kuko jambo la kuchekesha: kila mara unapoishinda, ile meli kubwa inaruka na kuondoka, inaenda kujipanga upya. Adui njo anapewa haki ya kukimbia na kurudi akiwa na nguvu! Watengenezaji walikuwa na mwisho mwingine mkononi: kufikisha ile habari ya siri, na kuponyesha waliobaki. Hawakuuchukua.

Kosa la pili ni bahati. Kuko safari ambamo duka halionekani wakati unalihitaji, na wachezaji wawili wenye akili sawa wanaishia fasi mbili tofauti kabisa. Hilo ninaweza kulivumilia, mkulima naye hapangi mvua. Lakini mwanzoni linavunja moyo wa wengi.

Kosa la tatu njo linanigusa zaidi. Nyekundu inakula vituo, na ndani ya vile vituo hatuone mutu. Njiani tulikutana na wafanyabiashara, na meli zilizoomba mafuta, na makoloni yenye magonjwa. Tukisharuka, wamefutika. Kwa musomaji wa Kivu ama wa Ituri, neno «waasi» si neno la mchezo, na kukimbia si mstari unaojaa ku skrini. Anayekimbia huku anabeba godoro na mutoto, na anajua majina ya wale waliobaki. Mchezo wenye kuhesabu mafuta kwa ukali hivyo ulipaswa kuhesabu walioachwa pia.

Na inawezekana, juu ilikwisha kufanyika. Homeworld, mchezo wa mwaka 1999 wa Relic Entertainment, inaanza na jaribio la meli kubwa kuruka. Inaporudi, inakuta sayari ya nyumbani, Kharak, inaungua. Kilichobaki ni masanduku ambamo watu 600,000 wamelazwa usingizi wa baridi, na adui tayari anayapiga. Kazi yako ya kwanza ni kuyalinda na kuyaingiza ndani ya meli. Tangu hapo, kila safari ya ule mchezo inabeba ile hesabu. Homeworld haijui bei ya kila dakika sawa vile FTL inaijua, lakini inajua ni nani tunakimbia naye na ni nani tuliacha. Mchezo ambao utaunganisha hivyo viwili, bado naungoja.

Kwa leo, ningemwambia nani acheze FTL? Mwanafunzi mwenye saa moja jioni na umeme wa kubahatisha: safari moja haichukui siku, na unaweza kuhifadhi ukatoka. Aanze na kiwango chepesi bila haya. Atumie pozi mara mingi. Anunue ngao mapema, asimwage mafuta, na asingoje mwili wa chombo ufike 3 ndipo atazame kama kiti cha shofere kiko na mutu. Akifika sekta ya 8 na kupasuka, asifikiri safari yake ilikuwa bure. Sekta saba alizopona zilikuwa bora kuliko mwisho ambao mchezo ulimwandalia.