Kalamu ya Muuguzi: Uganda Ilivyoipa Mazungumzo Nguvu ya Tiba

Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake za dawa, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliohitimu mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya wenye magonjwa makubwa, kuwaandikia wagonjwa mofini ya kunywa. Hatua hiyo husimuliwa zaidi kama habari ya dawa: nchi yenye madaktari wachache ilipata njia ya kuwafikishia mofini watu wanaougua saratani na UKIMWI majumbani. Mimi naisoma kama habari ya mazungumzo.

Vyuo vyetu vya uuguzi vinafundisha mawasiliano ya tiba tangu zamani. Keti usawa wa macho ya mgonjwa. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Mrudishie alichosema ili ajue umemsikia. Akinyamaza, vumilia. Mwanafunzi huyajibu yote haya vizuri kwenye mtihani, kisha akifika wodini huyaacha mlangoni. Tumezoea kusema sababu ni wingi wa wagonjwa. Ni kweli, ila haitoshi. Muuguzi asiye na uwezo wa kufanya lolote kuhusu jibu hujifunza upesi kutouliza swali. Ya nini kumuuliza mzee alilalaje, kama akijibu “sikulala kwa maumivu” hakuna utakalofanya ila kumngoja daktari atakayepita kesho kutwa?

Tatizo hili lina historia ndefu. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alikamilisha mwaka 1948 kitabu kilichoeleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba na una hatua zake: kufahamiana, kuaminiana, kufanya kazi pamoja na kuagana. Kilichapishwa mwaka 1952. Kilicheleweshwa kwa sababu haikuwa kawaida muuguzi kutoa kitabu cha namna hiyo bila daktari kuwa mwandishi mwenza. Hoja ya mazungumzo ilikwama palepale pa mamlaka.

Nchini Uingereza, Cicely Saunders alipita njia nyingine. Alianza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Kutokana na kuwasikiliza wagonjwa alieleza kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Kituo cha tiba shufaa cha St Christopher’s alichokifungua London mwaka 1967 kilitoa dawa ya maumivu kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Mgonjwa hakulazimika tena kulia ndipo apewe.

Mawazo hayo yalifika Kampala mwaka 1993, daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alipoanzisha Hospice Africa Uganda. Alikuja na fomula rahisi aliyoifanyia kazi Singapore: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa. Rangi iliwasaidia mgonjwa na anayemuuguza wasichanganye chupa ya nguvu ndogo na ile ya nguvu kubwa, hata kama hawasomi lebo. Dawa ikawa ya bei nafuu na ya kunyweka nyumbani bila sindano.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Mofini hii hutuliza kwa saa nne hivi. Ratiba ya kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku dozi maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Nyumbani haitekelezeki bila maongezi. Nani yuko naye saa nane mchana, watu wakiwa shambani? Atajuaje saa imefika: kwa redio, kwa adhana, kwa watoto kurudi shule? Chupa inatunzwa na nani? Halafu kuna hofu. Mtu anayeamini kwamba mofini ni dawa ya kumalizia atasema “naendelea vizuri, sista” na chupa isiguswe. Muuguzi asipoidadisi hofu hiyo, ataongeza dozi ya dawa isiyonywewa.

Kuna na suala la choo. Mofini hufunga choo, hivyo kila anayeanzishiwa huandikiwa pia dawa ya kulainisha. Kumuuliza mama wa makamo ya mama yako “unapata choo?” mbele ya wakwe zake ni kumvunjia heshima, kutomuuliza kabisa ni kumwachia tumbo litakalomfanya aikatae dawa. Ustadi hapa ni wa kitaalamu kama ule wa kupima dozi: nani atolewe chumbani, swali lije baada ya lipi, na litamkwe kwa sauti gani.

Kifaa kilichoyaweka maongezi haya katika mpangilio ni dodoso la Shirika la Tiba Shufaa Afrika, APCA, shirika lililozinduliwa Arusha mwaka 2004 na lenye makao yake Kampala. Dodoso lina maswali kumi. Saba huulizwa mgonjwa, matatu anayemuuguza, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Maumivu huweza kuoneshwa kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Asiyejua kusoma hajisikii mnyonge, na asiye na nguvu za kusema bado ana sauti.

Wengi husifu mkono huo. Kwangu, ubora wa dodoso uko kwenye mpangilio wa maswali. Maumivu yanatangulia, kwa kuwa mtu anayeumwa hawezi kuzungumzia amani ya moyo. Zinafuata dalili nyingine, kisha wasiwasi kuhusu ugonjwa. Baada ya hapo: umeweza kuwaeleza ndugu au rafiki unavyojisikia? Umeona maisha yana thamani? Umekuwa na amani? Mwisho kwa upande wa mgonjwa: je, mmepata msaada na ushauri wa kutosha ili familia ijipange? Swali hilo la saba ndilo linalofungua habari za shamba, ada za watoto na wosia. Zile pande nne za Saunders zimo zote, lakini zimepangwa kwa namna ambayo muuguzi aliyefika kwa bodaboda anaweza kuzipitia kitandani pa mgonjwa.

Mtihani mgumu ni familia. Tuchukue mfano. Kijana anamvuta muuguzi pembeni: “Sista, tafadhali, mzee asijue ana saratani.” Akikataa papo hapo, mlango umefungwa. Akikubali, amejifunga kudanganya. Aliyefunzwa huuliza: “Mnaogopa nini akijua?” Kisha anamgeukia mgonjwa: “Mzee, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?” Mara nyingi mzee anajua zaidi ya wanavyodhani, naye alikuwa anawaficha wao. Muuguzi hakutoa siri ya yeyote. Ameuliza kabla ya kueleza, na mgonjwa ndiye aliyeamua ajue kiasi gani.

Mfumo huu una udhaifu wake. Dodoso huweza kugeuka fomu ya kujazwa mbiombio, tena kwa makosa: katika maswali matatu ya kwanza alama 0 ndiyo nzuri, katika manne yanayofuata 5 ndiyo nzuri. Swali la amani likijibiwa kwa 0 na muuguzi akaandika tu, mgonjwa ameumizwa mara ya pili, kwani amefunuliwa bila kusitiriwa. Pia mofini ikikosekana ghalani, kalamu ya muuguzi haina wino. Na anayebeba habari za vifo mchana kutwa anahitaji naye mtu wa kumsikiliza, jambo ambalo ratiba za zamu hazilitengei nafasi.

Hata hivyo, somo kuu linasimama. Uganda haikuwahubiria wauguzi wake wawe na huruma zaidi. Iliwapa mafunzo, dawa na ruhusa ya kisheria, na ghafla kumsikiliza mgonjwa kukawa na faida inayoonekana kabla jua halijatua. Aliyeoneshwa vidole vinne saa nne asubuhi aliweza kubadilisha dozi saa hiyohiyo.

Kwa wasimamizi wa hospitali za Tanzania na Kenya wanaotaka huduma inayomweka mtu mbele, ipo kazi ya jioni moja. Chukueni orodha ya maswali mnayowafundisha wauguzi kumuuliza mgonjwa. Mbele ya kila swali andikeni hatua ambayo muuguzi anaruhusiwa kuichukua mwenyewe kabla zamu yake haijaisha: kubadilisha dozi, kumwita ofisa ustawi wa jamii, kuongeza muda wa kutembelewa, kumleta sheikhe au padri. Penye nafasi tupu, muuguzi ameshaacha kuuliza, au yuko mbioni kuacha. Semina nyingine ya mawasiliano haitaijaza nafasi hiyo. Itajazwa na waraka wenye sahihi ya anayetoa mamlaka.