Kati ya N°5 na Diorissimo

Mwalimu mstaafu akianza kuhakiki manukato, watu hudhani uzee umemzidi. Nami nasema manukato ni utungo kama utungo mwingine: yana mwanzo, yana kiini, na yana namna yake ya kuaga.

Hebu tutazame mawili ya Ufaransa. Chanel N°5 iliundwa na Ernest Beaux mwaka 1921. Ndani yake mna asmini na waridi, tena mna langilangi, ua ambalo wenzetu wa Komoro hulikamua mafuta kwa wingi. Lakini juu ya maua hayo Beaux alitia aldehaidi, kemikali zenye harufu kali na safi, kama ya shuka iliyotoka kupigwa pasi. Ukiinusa mara ya kwanza, huwezi kutaja ua hata moja.

Diorissimo ya Edmond Roudnitska, ya mwaka 1956, ni kinyume chake. Hiyo ni picha ya ua moja tu, muguet, lenye vikengele vidogo vyeupe, liotalo vivulini katika misitu ya Ulaya. Ua hilo ni bahili, halitoi mafuta ya kumfaa mtengeneza manukato. Basi Roudnitska alilipanda bustanini kwake Cabris, akalichunguza, kisha akaliunda upya kwa vitu vingine kabisa. Unanusa ua, jani, hata unyevu wa udongo. Kwa ustadi, naipa alama za juu kuliko N°5.

Lakini alama hazikuwa shida yangu. Mke wangu haoni tena. Kwake chupa ile ingekuwa bustani, na pensheni yangu haikuruhusu bustani mbili. Diorissimo aliisifu kwa adabu, kama tusifuvyo picha ya mtoto wa jirani; muguet hakupata kuiona hata alipokuwa na macho. N°5 ilimpigisha chafya. Nilitaka kuifunika, akanizuia. Tukaendelea kuzungumza, mkono wake karibu na pua. Aldehaidi huruka upesi, maua yakabaki nyuma. Baada ya kama nusu saa akanyamaza.

“Mwalimu,” akasema, “kumbe humu mna asmini. Ya jioni, ya kwenye kikuba.”

Ikanunuliwa hiyo. Mimi bado nashikilia kwamba Diorissimo ndiyo kazi bora zaidi, na humwambia hivyo. Yeye hunijibu kwamba mimi nainusa kwa macho.