Bwawa la maji ya kijiji: tathmini ianzie wapi?

Wengi wetu tukimaliza masomo hapa Kisangani, kazi ya kwanza tunayopata ni anketi. Unapewa simu yenye Kobo ndani, pesa ya pikipiki na orodha ya vijiji. Unafika, unasalimia wazee, unakaa kwenye kiti wanachokuletea, unauliza: "Papa, kama wakijenga bwawa hapa ili kijiji kipate maji ya bomba, unakubali?" Mzee anakuangalia. "Mwanangu, nani anakataa mayi?" Unabonyeza "ndiyo", unaenda nyumba inayofuata. Miezi michache baadaye sentensi moja inatokea kwenye ripoti: jamii imeukubali mradi.

Hapo hakuna aliyedanganya, lakini sentensi ile si ya kweli. Mzee aliulizwa juu ya maji, akajibu juu ya maji. Juu ya bwawa hakuna aliyemuuliza.

Ndugu zangu, nataka kukosoa namna tunavyofanya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, hasa pale mradi ukiwa bwawa la kuleta maji vijijini. Sisemi kwamba ripoti ni ndefu mno, wala kwamba wataalamu hawajui kazi. Ukosoaji wangu ni mmoja: ripoti nyingi zinaanzia kwenye ukuta. Zinachukua fasi ambapo baraje itasimama, zinachora duara kuizunguka, halafu zinahesabu vilivyomo ndani ya duara: nyumba, makaburi, mashamba ya mihogo, miti. Lakini maji hayaanzii kwenye ukuta na hayaishii hapo. Tathmini inapaswa kufuata maji yenyewe: yanatoka wapi, yanakuwa namna gani yakisimama, yatamkosa nani kule chini, na kama kweli kuna haja ya kuyasimamisha.

Sheria zetu hazikosi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai kila mradi wenye kuweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari, pamoja na mpango wa kuzisimamia. Amri ya Agosti 2014 inaeleza utaratibu, na mwaka huo huo iliundwa Agence Congolaise de l'Environnement, ACE, yenye kazi ya kuzipima ripoti hizo. Wananchi nao wanatakiwa kusikilizwa kabla ya uamuzi. Karatasi ziko. Tatizo ni namna tunavyozijaza.

Tuanze na mfano wa jirani, kwa sababu ule mradi ni hasa wa maji ya vijijini. Kule Kenya, kwenye mpaka wa kaunti za Makueni na Kitui, mto Thwake unapoingia mto Athi, panajengwa bwawa la Thwake. Kazi ilianza mwaka 2018 kwa mkopo wa Banki ya Maendeleo ya Afrika. Ukuta wake unapita mita 80, na bwawa limepangwa kubeba karibu mita za ujazo milioni 688. Ukambani ni nchi kavu. Mama anaweza kupoteza nusu siku kutafuta mtungi mmoja. Haja ya maji haina mabishano.

Lakini angalia maji yanatoka wapi. Mto Athi unapokea mto Nairobi, na mto Nairobi unapita katikati ya mji wenye watu milioni kadhaa: viwanda, mitaa isiyo na mifereji ya maji machafu, na jalala la Dandora lililo kando ya mto kabisa. Mto ukikimbia, uchafu unakwenda nao. Mto ukisimamishwa, tope linatua chini, na metali zilizoshikana na tope zinatua pamoja nalo. Mbolea na kinyesi vinalisha mwani na magugu ya maji. Unaweza kufanya tathmini safi kabisa pale penye ukuta, ukahesabu kila nyumba na kila kaburi bila kukosea, na bado swali kubwa likabaki nje ya duara lako: je, haya maji yatanyweka? Jibu lake haliko Makueni. Liko kwenye mifereji ya Nairobi, chini ya serikali nyingine ya kaunti na bajeti nyingine. Wakenya wengi, wakiwemo wakaaji wa kando ya Athi, wameuliza swali hilo waziwazi. Kwa mradi wa maji ya kunywa, lilistahili ukurasa wa kwanza.

Sasa rudini nyumbani. Mtu akija kesho na mpango wa bwawa kwenye mto mmoja wa Tshopo, atatuambia kwamba huku hakuna viwanda. Ni kweli. Lakini kuna wachimbaji wa dhahabu kule Bafwasende, na watu wa Banalia kando ya Aruwimi wanajua dragi inafanya nini kwenye mto. Mchimbaji akitumia zebaki, zebaki haijui mipaka ya sekta wala ya teritware. Ripoti isiyopanda mto mpaka kwenye machimbo haijapima maji. Imepima tu siku ambayo mtaalamu alichota chupa yake.

Na msitu je? Ukizamisha msitu wetu bila kuukata na kuuondoa, majani na miti vinaoza chini ya maji. Oksijeni inakwisha, chuma na manganizi vinatoka kwenye udongo, maji yanabadilika rangi na harufu. Kwa bwawa la umeme hilo ni shida ya mashine na samaki. Kwa bwawa la maji ya kunywa ni shida ya kila siku: shabu, klorini, mchanga wa kuchujia. Mfadhili analipa mwaka wa kwanza. Mwaka wa kumi nani analipa? Mpango wa usimamizi usiotaja jina la mlipaji ni matakwa tu.

Yakisimama, maji yanabadilisha magonjwa pia. Hapa sisi wa Kisangani hatuna haki ya kusahau. Mwaka 1934 daktari A. C. Fisher, wa hospitali ya misioni ya Yakusu, alichapisha uchunguzi wake juu ya kichocho katika wilaya ya Stanleyville, na huko ndiko mnyoo unaoitwa Schistosoma intercalatum ulikojulikana kwa sayansi. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji ya polepole yenye majani, yaani hasa ukingo wa bwawa jipya ambapo watoto wataogelea na mama zetu watafua. Usubi, yule mdudu wa upofu wa mtoni, anataka kinyume: mayai yake yanahitaji maji yanayokimbia. Baraje inaweza kuzamisha maporomoko na kuondoa usubi fasi moja, halafu ikamtengenezea makao mapya pale maji yanapomwagika kwa nguvu kutoka kwenye ukuta. Ripoti ikiandika tu kwamba "magonjwa ya maji yatapungua", irudishwe. Ugonjwa gani utapungua, upi utaongezeka, na katika kijiji gani?

Kule chini ya ukuta kuna wengine ambao duara haliwaoni. Tanzania ilijifunza hilo kwa gharama. Bwawa la umeme la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, lilifanyiwa tathmini. Lakini mwaka 1996, wakati ujenzi umeshaanza, wataalamu waligundua kwenye korongo, chini ya maporomoko, chura mdogo ambaye hajaonekana mahali pengine popote duniani. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu karibu yalikwisha. Waliweka mabomba ya kunyunyizia, wakaacha sehemu ya maji ipite, wengine wakapelekwa kulelewa Marekani. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kwamba ametoweka porini, na tangu 2012 wanajaribu kumrudisha. Wengine watacheka: mabilioni juu ya chura! Basi muweke kando chura, chukua funzo. Walioangalia bwawa walikuwa watu wenye elimu, lakini hawakuangalia kwa muda wa kutosha mahali ambapo maji yatakosekana.

Kwetu, badala ya chura, weka mvuvi. Samaki wetu wengi wanasafiri maji yakijaa, wanaingia vijito na msitu uliofurika ili kuzaa. Mtaalamu anayekuja wiki mbili za maji kidogo atamkuta mvuvi amekaa, ataandika "uvuvi mdogo". Halafu kuna haki. Kila mtu anajua kwamba kwa Wagenia fasi ya kusimamisha mitego kwenye maporomoko ni ya ukoo, inarithiwa. Vijiji vingi vya mtoni vina mpango wa namna hiyo. Lakini kwenye jedwali la fidia kuna safu ya nyumba, ya michikichi, ya mihogo. Fasi ya kutega haina safu. Na kwa kuwa sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, asiye na karatasi analipwa mazao yake tu, basi. Anayeishi kilomita thelathini chini ya ukuta hata hayo hapati, juu shamba lake halikuzama. Mto wake ndio uliopungua.

Sasa nafika kwenye sura ninayoiona moyo wa ripoti, na ambayo mara nyingi ndiyo fupi kuliko zote: sura ya njia nyingine. Inapaswa kujibu: bila bwawa, maji yanaweza kupatikana namna gani? Ukambani penyewe, ambako mvua ni chache, kwa miaka mingi watu wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta mdogo kwenye mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanahifadhiwa ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii. Hayatoshi mji mzima, lakini yanatosha kijiji. Sisi huku tunapata karibu milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Tatizo la kijiji cha Tshopo kwa kawaida si kukosa maji. Ni kukosa maji safi karibu na nyumba. Chemchem iliyojengwa vizuri, foraji yenye pampu ya mkono na fundi anayejua kubadilisha mpira wake, paa la shule lenye tanki: hizo ni njia ambazo ripoti inapaswa kuzipima kwa franka na kwa miaka, sawasawa na inavyopima bwawa.

Tuwe wa haki: bwawa lina hoja zake. Maji yanayoteremka kwa uzito wake hayahitaji mazuti. Chemchem nyingi zimejengwa zikaachwa, fensi imevunjika, choo kimechimbwa juu yake. Na senta inayokua haraka inaweza kuhitaji maji mengi kuliko chemchem zote za jirani. Kama hesabu inaonyesha hivyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Ninachokataa ni hesabu iliyofanywa baada ya uamuzi.

Kuna hatari moja zaidi ya kuweka kwenye mizani. Baraje yetu ya Tshopo ilijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, kabla nchi yoyote haijawa na sheria ya tathmini. Ile ya kwanza, ya Marekani, ilianza kazi Januari 1970. Kwa hiyo ripoti yake haikuandikwa, lakini sisi tumeishi ndani yake. Umeme wa SNEL unatoka pale, na umeme huo ndio unaoendesha pampu za REGIDESO. Mashine ikikufa, bomba linakauka. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, umeme na maji vilikatika pamoja, na watu walirudi mtoni na ndoo. Kitu kimoja kikibeba watu wote, kikianguka kinaanguka na wote. Vijiji thelathini vyenye chemchem thelathini vinaweza kupoteza moja au mbili. Vijiji thelathini vyenye ukuta mmoja vinaweza kupoteza yote usiku mmoja.

Kwa hiyo, ndugu, utakapoitwa tena kwa anketi ya bwawa, usiridhike na lile swali la kwanza. Na usiulize Kifaransa ukitafsiri kichwani. Uliza kwa Kiswahili, na kama mama anajibu vizuri zaidi kwa Kikumu au Kilokele, tafuta mtu wa kukusaidia. Uliza: Leo mnachota wapi? Nani anachota, na anarudi saa ngapi? Chemchem ya zamani iliharibika kwa sababu gani, na nani alikuwa anaitunza? Maji yakijaa, samaki wanapita wapi, na fasi hiyo ni ya ukoo gani? Kule juu ya mto kuna nani anayechimba? Halafu mwisho: kama maji safi yangeweza kupatikana bila kufunga mto, bado mngetaka ufungwe?

Ukiona maswali hayo hayamo kwenye simu waliyokupa, yaandike kwenye daftari yako, na tarehe, na majibu. Ripoti itatoka na jina la ofisi. Lakini kijijini hawataikumbuka ofisi. Watakumbuka sura ya yule kijana aliyekaa kwenye kiti chao akauliza.