Duma: Jina na Sauti katika Santuri

Msikilizaji wa Mugango, kando ya Ziwa Victoria, akilisoma jina Duma juu ya jalada la santuri, hana budi kumfikiri yule mnyama wa Serengeti aendaye mbio. Kumbe jina hilo latokana na lugha ya Kikuyu, na maana yake ni giza. Sahani hiyo ya muziki mkali wa metali ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wenye kazi ni Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Khanja hupiga ukelele mahali pa kuimba, na mashine za Karugu hutoa mishindo ya haraka mno. Nguvu yake haina shaka: giza lililotajwa katika jina lasikika katika sauti. Upungufu wake ni kwamba maneno humezwa na makelele. Hata wimbo wenye jina la Kiswahili, “Pembe 666”, ni taabu kuufuata kwa sikio tu. Basi kila santuri ya namna hii, itolewapo au irudiwapo, yapasa iandamane na maneno yaliyopigwa chapa. Bila hayo, msikilizaji wa Mugango atabaki na mnyama, na giza litampita.