Mkono Unaosukasuka Kibuyu

Mtu akilalamika kwamba tumbo limejaa gesi, kiungulia kinampanda na chakula hakishuki, tumezoea kumuuliza amekula nini. Waganga wa Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, huuliza zaidi ya hapo: amekula saa ngapi, kiasi gani, juu ya mlo upi, na moyo wake ulikuwa na hali gani. Wao husema tumboni mna moto, agni, unaokipika kile tulichomeza. Moto huo ukififia, chakula hubaki nusu kibichi na kugeuka uchafu wenye kunata, ambao kwao ndio chanzo cha maradhi mengi. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikuu vya tiba hiyo, inavitaja vinavyoudhoofisha: kushinda na njaa, kushiba kupita kiasi, kula kabla mlo uliotangulia haujasagika, kula bila saa maalumu, vyakula vizito, vikavu na vya baridi, na kuzuia haja. Tena inasema kwamba hata chakula kizuri, kilicholiwa kwa kiasi, hakimsagikii mwenye hofu, huzuni au hasira. Orodha hiyo ya mbali inanifanya niuheshimu zaidi ufundi wa karibu: ule wa akina mama wa Kisukuma wa kugandisha maziwa na kuyasukasuka kibuyuni. Ninaamini ufundi huo ni kinga ya tumbo, wala si njia tu ya kupata samli.

Tazama maisha ya Kimali, na ya vijiji vingine vingi vya mkoa wa Simiyu katika nchi ya Wasukuma, ukiwa na orodha hiyo mkononi. Msimu wa pamba unapopamba moto, mkulima anaweza kushinda shambani na njaa, kisha usiku akaumalizia mlima wa ugali. Kiangazi kikikaza, nyumba hutegemea michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyoanikwa juani hadi vikakauka kabisa. Njaa ndefu, shibe ya ghafla, ukavu, mashaka ya mvua na ya bei: visababishi vingi vya Charaka vimo humo. Ndipo lilipo pengo linalozibwa na kibuyu. Maziwa huachwa yagande, bakteria wakila sukari yake na kuigeuza asidi, kisha husukwasukwa asubuhi kungali na ubaridi, kwa sababu joto likizidi mafuta hulainika na kugoma kushikana. Msukaji hapimi kwa saa. Husikiliza sauti ndani ya kibuyu. Ikibadilika, anajua siagi imeshikana. Siagi huondolewa ikachemshwe iwe samli, na kinachobaki ni maziwa mepesi, makali kidogo, yanayoteremsha michembe vizuri kuliko maji. Hapa ndipo Wahindi na Wasukuma wanapokutana bila kujuana. Ayurveda huyahesabu maziwa ya mgando kuwa mazito na huonya yasiliwe usiku, lakini yaliyosukwa na kuondolewa mafuta huyasifu kuwa mepesi, yenye kuamsha moto wa tumbo, na huyatumia kutibu usagaji ulioharibika. Tofauti kati ya chakula kizito na dawa imo katika kazi ya mkono.

Msomaji wa sayansi atapinga, akisema hakuna moto tumboni. Atakumbusha pia kuwa Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori husababisha vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao kwa miaka mingi wasiwasi na pilipili ndivyo vilivyolaumiwa kwa kuuleta. Anasema kweli, na mwenye kutapika damu, kupata choo cheusi au kukonda bila sababu aende hospitali bila kuchelewa, kibuyu hakitamponya. Lakini sayansi hiyo hiyo haiuvunji ufundi huu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliochunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kusaga sukari ya maziwa unatokana na mabadiliko ya kijeni, na si kila mtu anayo. Asiyekuwa nayo huvimba tumbo na kuharisha akinywa maziwa yasiyochacha kwa wingi. Maziwa yaliyochacha yamepungua sukari hiyo, na bakteria wake husaidia kuisaga iliyobaki. Aliyeyaacha yagande kabla ya kuyanywa alilifanyia tumbo kazi ambayo maabara iliieleza baadaye sana.

Pingamizi zito zaidi ni la usafi, nalo silipuuzi. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauaminiki kuua vijidudu hivyo. Kuutetea ufundi kwa kuficha hatari hiyo ni kuuangamiza. Njia ipo: maziwa yachemshwe, yapoe, yatiwe mbegu ya mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa pia, kisha yagandie katika chombo kilichooshwa na kukaushwa. Mkono unaosukasuka unabaki ni ule ule. Maofisa mifugo na wahudumu wa afya wa Simiyu wanapokwenda vijijini kuhimiza maziwa salama, nawaomba wakae kwanza na wasukaji hawa, wajifunze wanachokijua, na ndipo wawaongezee hatua hiyo moja ya sufuria na moto.