Kichwa cha nguruwe, darasa la chiac

Michel Brault ana filamu mbili ambazo mtafiti yeyote wa jamii anafaa kuziona kabla hajachapisha fomu yake ya maswali. Zote zinatoka Moncton, mji wa New Brunswick, Kanada, ambako Waakadia, wazungumzaji wa Kifaransa, ni kama theluthi moja ya wakazi. Moja ina jina kubwa. Nyingine ndiyo bora.

Yenye jina ni L'Acadie, l'Acadie?!? ya 1971, aliyoiongoza na Pierre Perrault. Stori ni ya wanafunzi wa Université de Moncton, 1968 na 1969. Wanaandamana wakidai Kifaransa kitumike katika huduma za mji. Meya Leonard Jones anawataka waongee Kiingereza. Wawili wao wanampelekea kichwa cha nguruwe mpaka nyumbani. Baadaye wanateka jengo la sayansi chuoni. Kamera haina haraka. Inakaa nao wakibishana, wakicheka, wakikata tamaa. Ukimtazama yule meya akisikiliza bila kusikia, utaelewa dharau ya ofisini kuliko ukisoma sura tatu za nadharia.

Lakini Brault na Perrault walikuwa wageni kutoka Quebec, ambako Kifaransa ndiyo lugha ya wengi. Nahisi walifika na swali lao mfukoni: hawa wenzetu watapona kweli? Ndiyo maana mazungumzo mengi ni ya wasomi wachanga wenye ufasaha, na mwisho wake unanuka matanga.

Sasa tazama Éloge du chiac ya 1969, isiyozidi nusu saa. Mwalimu kijana na wanafunzi wake wako darasani, wanajadili lugha. Basi. Chiac ni Kifaransa cha huko kilichochanganyika na Kiingereza. Kama unajua Sheng, hutahitaji maelezo zaidi. Wapo wanaoionea haya, wapo wanaoitetea, na kila mmoja ana sababu. Watoto hawa hawakai pale kama data ya kubebwa ikachambuliwe kwingine. Uchambuzi wanaufanya wao, kwa mdomo wao.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu mwaka huohuo wa 1969, baada ya migomo, chuo kilifunga idara yake ya sosholojia. Jamii ndogo ikapoteza watu ambao kazi yao ilikuwa kuiuliza maswali kwa lugha yake. Watengeneza filamu wakabaki na ushahidi.

Na si mambo ya kale. Aprili 2021, chuo cha Laurentian kule Sudbury, Ontario, kikiwa kimefilisika, kilifuta programu 69; 28 kati yake zilikuwa za Kifaransa. Mwaka huo huo Acfas, chama cha watafiti wa Kifaransa kilichoanzishwa 1923, kilitoa ripoti kuhusu wenzao walio nje ya Quebec. Humo kuna watafiti wanaoomba ruzuku kwa Kiingereza kwa sababu wanaogopa kwamba wakiandika Kifaransa hawatasomwa vizuri, na wengine ambao hata fomu za maadili ya utafiti huzijaza kwa Kiingereza, kwani ofisi ya chuo haijui Kifaransa. Yaani unamhoji bibi kwa Kifaransa, kisha unamtafsiri ndipo uruhusiwe kumhoji.

Dawa inayotajwa ni pesa zaidi kwa utafiti wa Kifaransa. Sawa, zije. Lakini filamu ya darasani inauliza swali gumu zaidi: Kifaransa cha nani? Mtafiti anayeponyoka Kiingereza cha ofisini anaweza kumfanyia mtoto wa chiac vilevile alivyofanyiwa yeye, amsahihishe kwanza ndipo amsikilize. Filamu kubwa haiuoni mtego huo. Ile ndogo imejengwa juu yake, tena imethubutu kujiita sifa.

Ukiwa na muda wa moja tu, anza na darasa. Meya na nguruwe wake wanaweza kungoja.